Mfuko wa Chai wa Bi Rodanthi

Kama kuna kosa ambalo mtu wa maabara hapaswi kulifanya, ni kupiga simu nyumbani kabla kazi haijakwisha. Argyro alilijua hilo vizuri. Kila mwaka aliwaimbia wanafunzi wake: pima, halafu pima tena, halafu nyamaza, na ukishanyamaza vya kutosha ndipo ufungue mdomo. Lakini siku ile ya mwisho wa Mei, mbele ya vichupa vitano vilivyopangwa kwenye kibao, somo lote lilimtoka kichwani. Alivua glavu, akatoka kwenye varanda, akampigia mumewe.

"Manousos, chai ya mama yako imeshinda."

"Imemshinda nani?"

"Wote. Nyumba nyingine zote nne. Nimetia tone moja tu, rangi ikafutika kabla sijaweka chombo chini."

Manousos hakuelewa habari za rangi, ila alielewa sauti ya mkewe, akafurahi naye.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Maabara ya Argyro, pale Rethimno, ilikuwa ikichunguza malotira, chai ya mlimani ambayo kila nyumba ya kisiwa cha Krete inayo. Mtu akikohoa anapewa malotira, tumbo likichafuka malotira, mtoto akikataa kulala malotira. Wao walitaka kujua ndani ya yale majani meupemeupe mna viambato gani hasa vinavyotuliza kifua na tumbo, na kama malotira ya upande mmoja wa mlima Psiloritis inaipita ya upande mwingine. Basi walikusanya mifuko kutoka nyumba tano. Majani yakasagwa, yakaloweshwa kwenye spiriti, yakachujwa. Kipimo cha kwanza ni cha haraka: unachukua maji ya rangi ya zambarau, unatia tone la chai, na kadiri chai ilivyo na nguvu ndivyo zambarau inavyofutika na kuwa njano. Vichupa vinne vilibadilika polepole, kwa adabu. Cha Bi Rodanthi kiligeuka njano papo hapo.

Kipimo cha pili, kile cha mashine kubwa inayotenganisha viambato kimoja kimoja na kusema kila kimoja ni nani, kilikuwa bado. Hicho ndicho alichopaswa kukingoja. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na Argyro siku ile alikimbia kwelikweli.

Sasa lazima nikwambie habari za huyo mama mkwe, maana bila yeye hakuna kisa.

Bi Rodanthi alikuwa mjane wa kijiji cha Kastrinari, mwembamba, mgongo umenyooka, nguo nyeusi mwaka mzima. Alikuwa na miaka sabini na bado akipanda mlima kuchuma majani yake mwenyewe, huku wanawake wa rika lake wakilalamikia magoti. Tangu Manousos alipoleta mke kutoka Pirea, watu wa bandarini wasiojua mbuzi wala mbegu, Bi Rodanthi hakumtolea mkwewe neno baya hata moja mbele yake. Alimpa adabu. Na adabu ya Bi Rodanthi, sikufichi, ilikuwa mbaya kuliko matusi. Argyro akifika anapewa kiti cha mgeni, glasi ya mgeni, sahani yenye ua pembeni. Akinyanyuka kuosha vyombo anaambiwa, "Kaa, utachafua mikono." Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini Argyro alikuwa na miaka minne katika nyumba ile na hajapewa hata kijiko cha kukorogea.

Akiwa hayupo, jina lake lilikuwa "yule wa Pirea." Majirani wakiuliza yule wa Pirea anafanya kazi gani, Bi Rodanthi alijibu, "Anapima nyasi. Mbuzi wangu nao wanapima nyasi, ila wao hawakusomea."

Manousos aliyacheka maneno hayo, akamletea mkewe naye ayacheke. Argyro alicheka. Lakini yalimuuma. Mama yake mzazi alikufa yeye angali chuoni, na tangu aolewe alikuwa akilitamani jambo moja ambalo hakuna mashine ya kulipima: kwamba yule mama wa nguo nyeusi ampende. Basi, hilo tu. Alikuwa na shahada tatu na heshima kazini, na bado kila Jumapili alipanda Kastrinari kama mtoto anayekwenda kuonyesha daftari.

Pasaka ile ndipo alipojipa moyo kuomba mfuko wa chai.

"Majani mtayafanya nini?" Bi Rodanthi aliuliza.

"Tutayasaga, mama, tutayalowesha, tutayapima yana nini ndani."

"Nakuambia bure. Yana malotira ndani." Akamtazama juu mpaka chini. "Na yatakayobaki?"

"Yatakayobaki tutayanywa," Argyro akasema kwa utani, kisha akageuka pembeni akakohoa, maana alikuwa na kikohozi cha baridi kisichotaka kuondoka.

Bi Rodanthi hakusema zaidi. Kesho yake asubuhi mfuko ulikuwa mlangoni, umeshonwa kwa foronya ya zamani, umefungwa kwa uzi mwekundu.

Turudi kwenye simu ile. Manousos alimwambia mama yake, na mama yake akaenda kanisani kwa sala ya jioni. Hapo ndipo maji yalipomwagika. Kastrinari ni kijiji cha watu wanaojua kutia chumvi. Kabla mishumaa haijazimwa, chuo kikuu kilikuwa kimethibitisha kwamba chai ya Rodanthi ndiyo bora Krete nzima. Padri alipofunga mlango ilikuwa tayari inaponya saratani. Na pale kahawani, mzee mmoja aliapa kwamba Mmarekani ameonekana njiani akiuliza nyumba ya mjane.

Usiku huo haukuingia kabla simu ya Argyro haijalia. Ilikuwa namba ya Kastrinari. Kwa miaka minne Bi Rodanthi hakuwahi kumpigia yeye; alimpigia mwanawe tu, na kama mwanawe hakupokea, alingoja.

"Binti yangu," ile sauti ikasema.

Argyro akaitazama tena ile namba, akidhani mama mkwe amekosea simu.

"Unanisikia? Jumapili mnakuja. Nachinja. Nimemwambia jirani Evanthia na watu wa pale juu, na padri. Na uje na aproni, kuna vimkate vya jibini vya kukanda, mimi peke yangu siwezi."

"Nitakuja nayo, mama."

"Ya kazi, si ya maua."

Simu ikakatwa. Argyro alikaa kwenye ngazi za nyumba yake akalia kwa furaha, mpaka Manousos akatoka kuuliza nani kafa.

Ijumaa, mashine kubwa ilimaliza. Anayeiendesha ni Isidoros, mwanamume mwenye masharubu na subira, mtu wa bonde la Mesara, ambaye ameishi na mashine ile muda mrefu hata anaisemesha. Alimwita Argyro bila kupaza sauti, na Argyro akajua kuna jambo, kwa sababu Isidoros hupaza sauti kwa kila kitu.

"Njoo uone. Hii ni ya mama mkwe wako." Alimwonyesha mstari kwenye kioo, unaopanda na kushuka, kila kilele ni kiambato kimoja. "Hapa sawa. Hapa sawa. Hapa ni malotira yoyote. Sasa hiki kirefu, mnara huu wa kanisa hapa katikati, unakijua?"

Argyro alikijua. Ilikuwa asidi ya rosmarini. Ni kiambato kizuri, kinatuliza uvimbe, wenye maabara wanakipenda. Kiko tele kwenye nana, kiko tele kwenye kiungo cha oregano na ndugu zake wote. Kwenye malotira hakipaswi kuwapo.

"Labda ni malotira ya aina nyingine," akasema, na yeye mwenyewe hakuamini maneno yake.

"Labda," Isidoros akasema. "Na labda mjomba wangu ni askofu. Lete mfuko."

Walimwaga majani yaliyobaki juu ya karatasi nyeupe. Haikuchukua muda. Katikati ya majani marefu membamba ya malotira yalikuwako majani mengine, madogo, ya mviringo, yenye manyoya kama sikio la mtoto wa sungura. Diktamo. Ndugu wa oregano, mmea unaoota kwenye nyufa za magenge tu, ambao watu wameteguka miguu na kuvunjika shingo kwa kuuchuma. Haukuingia humo kwa upepo. Ulikuwa umechanganywa, tena kwa ukarimu.

"Mifuko mingine ulichambua?" Isidoros akauliza.

"Yote minne. Jani kwa jani, kwa kibano."

"Na huu?"

Argyro aliitazama ile foronya. Huko Krete mtu akikupa kitu kwa mkono wake, hukifungui ukaanza kukikagua. Unapokea, unashukuru, unakula. Kuchambua zawadi ni kumwambia aliyekupa kwamba humwamini. Argyro alikuwa mtu wa Pirea, lakini miaka minne ya kujaribu kupendwa ilimfanya awe Mkrete kuliko Wakrete. Alikuwa ameupokea mfuko ule wa foronya kama mkate uliobarikiwa, akachota, akasaga, akaona aibu hata kuuchungulia. Yeye, mwalimu wa watu.

"Sikuuchambua," akasema mwishowe.

Isidoros alivuta masharubu. "Basi tunasema mfuko ulilowana, tunautupa. Nani atajua?"

"Kijiji kizima kinajua mfuko huu umeshinda, Isidoros. Wanachinja."

"Aa." Akafikiri. "Huyo mnyama amekufa bure."

Kilichomchoma Argyro si sampuli. Sampuli hutupwa kila siku. Kilichomchoma ni wazo lililomjia akiendesha gari kurudi nyumbani, nalo lilikuwa baya: kwamba Bi Rodanthi alifanya makusudi. Alijua ni mashindano, akatia diktamo ili awashinde wenzake. Na kama ndivyo, Argyro atamwambiaje? Mwanamke ndiyo kwanza amemwita binti yangu, naye aende akamwambie, mama, umedanganya? Hilo jembe alilolingoja miaka minne atalirudisha kabla hajalishika.

"Ngoja Jumatatu," Manousos alimsihi. "Mwache ale Jumapili yake. Utamwambia baadaye, polepole, kwa simu."

"Nile mkate wake nikijua?"

"Watu wangapi wanakula wakijua mambo."

"Manousos, akisikia Jumatatu kwamba Jumapili nilikuwa najua, hatanisamehe mpaka afe. Na mimi nitampa haki."

Mumewe alikubali, maana alimjua mama yake.

Jumapili walifika mapema. Jikoni mlikuwa na moshi wa kuni na harufu ya jibini na maziwa yaliyochemka. Bi Rodanthi aliikagua aproni ya Argyro, akaivuta kamba, akaifunga upya kwa nguvu zaidi, kisha akamsogezea bakuli la unga. Hakuna sahani ya ua siku hiyo. Alimwonyesha namna ya kukata unga duara, kutia jibini laini katikati, na kubana ukingo kwa vidole viwili.

"Si hivyo. Unabana kama unamfinya mtoto. Hivi. Mwache apumue."

"Hivi?"

"Hivyo. Mikono yako si mibaya kwa mtu wa bahari."

Mungu amsamehe, Argyro alikuwa na raha. Aliogopa na alikuwa na raha kwa pamoja, na kwa kila kimkate alichobana alijiambia, kimoja zaidi, halafu nitasema. Sinia ya kwanza ikajaa. Ya pili ikajaa. Nje, chini ya mzabibu, wageni walikuwa wameanza kufika. Alisikika Bi Evanthia, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye kicheko cha kuamsha mbwa, akimwuliza Manousos kama kweli Mmarekani atalala kwao. Mfuko wa Evanthia nao ulikuwa kati ya ile mitano, na hakufurahia kushindwa.

Liwalo na liwe, Argyro akasema moyoni, akaweka kimkate chini.

"Mama. Kwenye ule mfuko wa chai mlikuwa na diktamo."

"Mlikuwa nayo," Bi Rodanthi akasema, na hata kichwa hakuinua.

"Uliiweka wewe?"

"Aiweke nani, mbuzi?"

"Kwa nini, mama?"

Sasa yule mama aliinua kichwa, akamtazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza kwa nini kondoo ana manyoya.

"Ulikuwa unakohoa. Kwaresima nzima unakohoa, kanisani mpaka padri anapoteza mstari, hapa mezani, kwenye gari. Yule mwanangu haoni, wanaume hawaoni. Ukaja ukaniambia, yatakayobaki tutayanywa. Nikasema, huyu atakunywa malotira tupu na kifua kile? Nikatia diktamo." Akarudi kwenye unga wake. "Simpi mtu diktamo yangu. Evanthia ameniomba mara ngapi. Ile nilipanda genge mwenyewe, naiweka kwenye kopo la juu. Manousos alipokuwa mdogo na homa ya mapafu ndiyo nilimpa. Watu wa nyumbani tu."

Argyro alisimama na mikono yenye unga mbele yake asijue pa kuiweka. Ule mfuko ulishonwa Pasaka. Wakati wa Pasaka hakukuwa na mshindi, hakukuwa na sifa wala padri kualikwa. Yeye alikuwa bado yule wa Pirea, mpima nyasi, wa sahani ya ua. Na mtu huyu ambaye Argyro alimshuku udanganyifu tangu Ijumaa alikuwa amepanda kiti, akashusha kopo la juu, akamchotea. Aibu na furaha zilimpata kwa wakati mmoja, na furaha ilikuwa nyingi zaidi.

"Kilipona?" Bi Rodanthi akauliza. "Kikohozi."

"Sikuinywa, mama. Niliisaga."

"Yote?"

"Karibu yote. Tuliipima." Akavuta pumzi. "Na ndiyo maana ilishinda. Ni diktamo iliyoshinda, si malotira. Ile sampuli haifai tena. Kosa ni langu, nilitakiwa kuchambua majani kabla, na sikuchambua kwa sababu ni wewe ulinipa."

Nje, Evanthia alicheka kwa jambo lake mwenyewe. Bi Rodanthi alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akakaa kwenye kiti cha jikoni ambacho Argyro hakuwahi kumwona akikikalia.

"Kwa hiyo hatukushinda."

"Hatujui. Labda tutashinda, labda hatutashinda. Lakini hicho walichosikia watu si kweli."

"Na yule pale nje atanicheka mpaka Krismasi."

"Naweza kutoka mimi. Niseme mashine iliharibika."

"Imeharibika?"

"Hapana, mama. Ni nzima."

"Basi usiisingizie." Akanyanyuka. Uso ulikuwa umemshuka, hilo halikufichika. Mwanamke alikuwa ameonja siku nne za kuwa wa kwanza Krete nzima, na si kitu kidogo katika umri ule. Akaichukua sinia ya vimkate vibichi, akaiona ni vibichi, akairudisha, akatoka mikono mitupu.

Argyro akamfuata mpaka kizingitini. Wageni walikuwa wameinua glasi za raki, pombe kali ya pale, kumpongeza.

"Wekeni chini kwanza," Bi Rodanthi akasema. "Hatukushinda. Niliharibu kipimo. Nilitia diktamo kwenye mfuko kwa sababu binti yangu alikuwa anakohoa, nikadhani atainywa, naye akaenda akaisaga yote. Ndivyo ilivyokuwa. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana chakula kikija sitaki kelele."

Evanthia alianza mara moja. Mtu hawezi kumlaumu. Alicheka mpaka akashika meza. "Ati Rodanthi. Kila mtu anajua kipimo ni cha malotira, wewe unatia dawa ya kikohozi. Mimi wangu niliupeleka vilevile ulivyotoka mlimani, safi kabisa."

Argyro hakukusudia kusema. Neno lilimtoka tu, kwa ile sauti yake ya darasani.

"Wako ulikuwa na nana, Bi Evanthia."

Evanthia akaiachia meza. "Nani kasema?"

"Niliitoa mimi mwenyewe kwa kibano. Nilikaa nayo asubuhi nzima."

Hapo sasa walicheka wote, padri kuliko wote, na Evanthia, akiwa mwekundu kama nyanya, akajitetea kwamba nana kidogo si kitu, nani anampa mgeni malotira tupu, hata kama mgeni mwenyewe ni mashine. Bi Rodanthi hakucheka. Alimtazama mkwewe, kisha akamwambia arudi jikoni, tanuri haliwezi kungoja. Lakini waliporudi ndani alimwambia kwa sauti ya chini, "Na nana ya Evanthia ni ya bondeni. Haina hata harufu," na Argyro akajua kwamba hapo hatakiwi kujibu, anatakiwa kukubali.

Mwezi wa Julai, malotira ilipotoa maua ya njano, walipanda pamoja. Bi Rodanthi alitangulia na kisu, Argyro nyuma na mfuko mtupu, mpya, akihema. Alifundishwa kukata shina na kuacha mzizi, kuacha mmea mmoja katika kila kichaka upate kuzaa, kutochuma karibu na njia wanapopita mbuzi. Alifundishwa pia kwamba anatembea kama anayeshuka kwenye meli. Walipumzika penye kivuli cha jiwe, wakala zeituni na mikate mikavu ya shayiri iliyoloweshwa maji, na Bi Rodanthi akamweleza habari za mumewe marehemu, ambazo Manousos mwenyewe hakuwahi kuzisikia. Majani yalikaushwa kivulini, hayakuchanganywa na kitu, na safari hii yalichambuliwa na watu wawili mezani, kila mmoja na kibano chake. Bi Rodanthi alikipenda kile kibano akakataa kukirudisha.

Septemba kazi ikakamilika. Vipimo vya haraka na vya polepole, mara moja na mara nyingine tena, mpaka Isidoros akasema mashine inaomba likizo. Argyro alinyamaza vya kutosha, kama alivyowafundisha watu, halafu akapiga simu. Hakumpigia Manousos.

Bi Rodanthi alipokea akiwa uwanjani mbele ya kanisa. Kelele za wanawake zilisikika.

"Mama, matokeo yametoka. Malotira yetu ni nzuri, ina vyote inavyopaswa kuwa navyo. Lakini imekuwa ya nne."

"Ya nne kati ya ngapi?"

"Tano."

Argyro alingoja, na akajishangaa kwamba haogopi. Kisha akasikia simu imeshushwa, na ile sauti kavu ikiwaambia wanawake wa uwanjani, kwa nguvu ili na wa mbali wasikie:

"Binti yangu anasema tumekuwa wa nne. Mkwe mwingine angenidanganya."

Halafu ikarudi sikioni, ikauliza kama Jumapili wanakuja mapema au baada ya misa, kwa sababu kuna maharage ya kumenya.